Kutabiri mwelekeo wa figo kwa ripoti ya biopsi: mwongozo kamili, kwa mfano wa nefritisi ya lupasi

Nyama ya figo huchukuliwa kwa sindano ili kujibu maswali mawili: ni ugonjwa gani, na figo hizi zitafika wapi. Swali la kwanza hujibiwa kwa mstari mmoja ulio chini ya ripoti. La pili halina mstari wake. Jibu lake limetawanyika katikati ya karatasi, kwenye aya zinazoeleza ni vichujio vingapi vya damu vimeonekana, vingapi vimekufa, mirija inayopitisha mkojo imenywea kiasi gani na mishipa ikoje. Aya hizo mara nyingi hazisomwi. Mgonjwa anaambiwa ana "lupasi ya figo, daraja la nne", anaandikiwa dawa, na faili linafungwa.

Hapa tunaipitia ripoti hiyo hatua kwa hatua. Tumeshika nefritisi ya lupasi, yaani uvimbe wa figo unaoletwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko magonjwa mengi tofauti kati ya kidonda kibichi na kovu, na tofauti hiyo ndiyo moyo wa utabiri wote. Maelezo yamelengwa kwa daktari, tabibu na muuguzi wa kliniki ya figo. Mgonjwa au ndugu aliyeshika ripoti yake naye ataweza kufuata, ila asiache wala kubadili dawa kwa hesabu alizofanya mwenyewe.

Hatua ya 1: Andika namba za siku ya biopsi

Kabla ya kugusa ripoti, andika pembeni umri, presha, kreatinini ya damu (taka ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa), protini ya mkojo na jinsi mkojo ulivyoonekana kwenye hadubini, vyote vya siku ya biopsi au vya karibu nayo kabisa. Nyama inaonyesha kilichoharibika. Namba hizi zinaonyesha kinachobaki kufanya kazi.

Maabara nyingi za kwetu hutoa kreatinini kwa mikromoli kwa lita. Kuipata kwa miligramu kwa desilita, gawanya kwa 88.4. Kisha tafuta eGFR, yaani makadirio ya kasi ya uchujaji, kwa fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021. Hakikisha programu unayotumia haimwongezei mgonjwa alama kwa kuwa ni mweusi: fomula ya MDRD ilizidisha kwa 1.212 na CKD-EPI ya 2009 kwa 1.159, na kizidisho hicho kinampa mgonjwa figo ambazo hana. Ukilinganisha eGFR ya mwaka huu iliyopigwa kwa fomula mpya na ya mwaka juzi iliyopigwa kwa ya zamani, utaona figo "imeshuka" wakati kilichobadilika ni fomula tu. Rudia hesabu zote kwa fomula moja.

Kwa protini, uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo wa mara moja unatosha kufuatilia. Mkojo wa saa 24 ni bora ukikusanywa wote, jambo ambalo si rahisi kwa mtu anayepanda daladala kwenda kazini. Matokeo yakija kwa miligramu kwa milimoli, gawanya kwa 113 upate gramu kwa gramu. Kijiti kinachosoma "+++" hakifai kwa utabiri, kwa sababu mkojo mzito na mkojo mwepesi vitatoa alama tofauti kwa protini ile ile.

Mgonjwa anayetoka Pwani au Kanda ya Ziwa apimwe kichocho kwanza. Kichocho cha kibofu huleta damu na protini kwenye mkojo, na ukiihesabu damu hiyo kama ya figo utadhani lupasi bado inawaka. Mtibu kwa prazikwanteli, kisha upime upya.

Mwisho, tafuta kreatinini za zamani: ya kliniki ya wajawazito, ya kabla ya upasuaji, hata ya kambi ya uchunguzi wa bure. Kreatinini ya 150 iliyokuwa 70 miezi mitatu iliyopita na kreatinini ya 150 iliyokuwa 145 miaka miwili iliyopita ni habari mbili tofauti, na biopsi inapaswa kukubaliana na mojawapo. Isipokubaliana, kuna kosa mahali.

Hatua ya 2: Uliza kama nyama inatosha

Kwa kawaida huchukuliwa vipande viwili vyembamba vya sentimita moja hadi mbili, kwa sindano ya geji 16 au 18 inayoongozwa na ultrasaundi. Figo moja ina glomeruli, yaani vichujio, karibu milioni moja. Wewe una 10, au 15, au 25. Kila asilimia utakayoisoma kwenye ripoti imetoka kwenye idadi hiyo ndogo.

Kwa lupasi, ripoti iwe na vichujio visivyopungua 10. Uainishaji wa Oxford wa nefropathia ya IgA, ugonjwa unaoletwa na kingamwili za IgA kukwama kwenye vichujio, unataka angalau 8. Kwa figo iliyopandikizwa, vigezo vya Banff vinataka 10 pamoja na ateri mbili. Idadi hizi zinaruhusu kutoa jina la ugonjwa. Kwa utabiri ni chache. Tuseme ugonjwa umeshika kichujio kimoja kati ya kila kumi. Ukiwa na vichujio 10 mkononi, uwezekano wa kukosa vyote vilivyoathirika ni asilimia 35. Ukiwa na 20, unashuka hadi 12. Ukiwa na 30, ni 4.

Asilimia za makovu nazo zina yumbayumba yake. Ripoti ikisema vichujio 3 kati ya 10 vimekufa, yaani asilimia 30, ukweli wa figo nzima unaweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 65. Vikiwa 9 kati ya 30, ni asilimia 30 ile ile, lakini ukweli umebanwa kati ya 15 na 49. Kwa hiyo usimwambie mgonjwa "theluthi ya figo yako imekufa" kwa kutazama vichujio kumi.

Angalia pia sindano ilipita wapi. Ripoti nzuri husema kama kipande ni cha koteksi, tabaka la nje lenye vichujio, au cha medula, sehemu ya ndani isiyo navyo. Kipande kilichochotwa juu tu, chini ya utando wa figo, huonyesha makovu mengi kuliko yaliyopo, hasa kwa mzee au mwenye presha ya muda mrefu, maana vichujio vya huko ndivyo hutangulia kufa.

Halafu kuna suala la chupa. Nyama hugawanywa mara tatu: formalini kwa hadubini ya kawaida, salaini (kama maabara ni ya karibu) au kimiminika cha Michel (kama sampuli inasafiri siku kadhaa) kwa imunofluoresensi (kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa mwanga wa rangi), na glutaraldehaidi kwa hadubini ya elektroni. Kosa linalorudiwa ni kutupa kila kitu kwenye formalini. Hapo imunofluoresensi ya nyama iliyogandishwa imepotea. Inaweza kujaribiwa kwa nyama iliyohifadhiwa kwenye parafini ikimeng'enywa kwa kimeng'enya, lakini hupoteza nguvu, hasa kwa C3, mojawapo ya protini za kinga. Hata hivyo, jina la ugonjwa ndilo linaloumia zaidi kwa kosa hili. Makovu na vidonda vibichi vinahesabiwa kwa hadubini ya kawaida, kwa hiyo hospitali isiyo na hadubini ya elektroni bado inaweza kutabiri vizuri kabisa.

Hatua ya 3: Daraja si hatua

Uainishaji wa lupasi ya figo wa ISN/RPS (chama cha kimataifa cha nefrolojia na chama cha patholojia ya figo) wa mwaka 2003, uliofanyiwa marekebisho mwaka 2018, una madaraja sita. Daraja I na II: ugonjwa umekaa kwenye mesanjiamu, tishu inayoshikilia kapilari, mishipa myembamba ya damu, za kichujio. III: chini ya nusu ya vichujio vina madonda ya kapilari. IV: nusu au zaidi. V: utando wa kichujio umenenepa kwa mikusanyiko ya kinga upande wa nje, hili linaweza kuungana na III au IV. VI: asilimia 90 au zaidi ya vichujio vimekuwa makovu matupu, hakuna ugonjwa hai uliobaki.

Watu wengi, wahudumu wakiwemo, husikia "daraja la nne" wakaelewa "hatua ya nne". Hatua ya 4 ya ugonjwa sugu wa figo hupimwa kwa eGFR ya 15 hadi 29, na mtu wa hatua hiyo yuko karibu na dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine. Mtu wa lupasi daraja IV anaweza kuwa na eGFR ya 95 na akapona vizuri. Ndugu wakishasikia "la nne" wanafikiria saratani, wanaanza kuuza shamba. Linyooshe jambo hili siku ile ile ya majibu.

Daraja linakusaidia kuchagua dawa. Kwa utabiri linasema kidogo, kwa sababu ndani ya IV kuna figo yenye moto mtupu na figo yenye majivu matupu. Marekebisho ya 2018 yaliacha herufi A na C zilizokuwa zikijaribu kutenganisha hali hizo mbili, yakaweka badala yake alama za namba. Alama hizo ndizo tunazozifuata sasa.

Hatua ya 4: Hesabu vidonda vibichi

Indeksi ya ugonjwa hai huandikwa AI kwenye ripoti, na kilele chake ni 24. Vitu sita hupewa alama 0 hadi 3: 0 kama hakuna, 1 kama ni chini ya asilimia 25 ya vichujio, 2 kwa asilimia 25 hadi 50, 3 kwa zaidi ya 50.

- seli kujazana ndani ya kapilari za kichujio
- neutrofili (aina ya seli nyeupe za damu), au viini vya seli vilivyovunjikavunjika
- nekrosisi ya fibrinoidi, yaani sehemu za kichujio zilizokufa (alama huzidishwa mara mbili)
- vitanzi vya waya, yaani kapilari zilizonenepa kwa mikusanyiko ya kinga, au vidonge vya hialini ndani ya kapilari
- kresenti za seli, au za seli na nyuzi, zenye umbo la hilali pembeni mwa kichujio (alama huzidishwa mara mbili)
- seli za kinga zilizoleta uvimbe katikati ya mirija, hizi zikipimwa kwa asilimia ya eneo la koteksi

AI kubwa inatisha kuitazama, lakini ni habari ya leo. Inasema kuna kitu cha kuzimwa. Kisipozimwa mapema, kila kresenti ya seli inageuka nyuzi ndani ya wiki hadi miezi, na hapo inahamia kwenye orodha inayofuata. Ndiyo maana ripoti iliyokaa wiki sita njiani ikitoka maabara ya mbali inaeleza figo ambayo huenda haipo tena. Ukiwa na AI ya juu kwenye majibu ya zamani, pima kreatinini upya kabla ya kusema lolote.

Hatua ya 5: Hesabu makovu

Hapa ndipo utabiri wa muda mrefu ulipo. Indeksi ya usugu, CI, ina kilele cha 12 na vitu vinne, kila kimoja 0 hadi 3 kwa mipaka ile ile ya asilimia: vichujio vyenye kovu (kizima au sehemu), kresenti za nyuzi, mirija iliyonywea, na nyuzi zilizojaa katikati ya mirija. Viwili vya mwisho huenda pamoja, na kwenye ripoti utaviona vimeunganishwa kwa herufi IFTA na asilimia.

Kama utasoma kitu kimoja tu kwenye ripoti nzima, soma IFTA. Inashangaza kwamba ugonjwa unaoanzia kwenye kichujio unatabiriwa vizuri zaidi na hali ya mirija, lakini sababu zipo. Mirija ndiyo sehemu kubwa ya koteksi, kwa hiyo sindano inachota mirija mingi hata pale inapopata vichujio vichache. Kwa hiyo kipimo chake hakiyumbi sana. Pili, nyuzi zinapojaa hubana kapilari ndogo zinazolisha mirija, mirija inakosa oksijeni, inanywea, na nyuzi zaidi zinaingia, hata kama lupasi yenyewe imezimwa. Tatu, kichujio kinachoonekana kizima kinaweza kuwa kimekatika na mrija wake. Kinachuja kuelekea kusikotoka.

IFTA chini ya asilimia 10 ni ya kutuliza moyo. 10 hadi 25 ni kidogo, 26 hadi 50 ni wastani, zaidi ya 50 ni kali. Kabla ya kuikubali namba, uliza maswali matatu.

Je, ni nyuzi au ni maji? Figo yenye jeraha kali la ghafla huvimba, nafasi kati ya mirija hupanuka kwa maji, na kwenye rangi ya kawaida maji hayo yanaweza kudhaniwa ni nyuzi. Rangi ya trikromu ya Masson hutenganisha: nyuzi za zamani huchukua bluu au kijani iliyokolea, maji hubaki meupe au hafifu. Ripoti isiyotaja trikromu, piga simu maabara uulize.

Je, ni kovu la umri? Vichujio huzeeka. Kanuni ya zamani ya kukadiria inasema: gawanya umri kwa mbili, toa 10, hiyo ndiyo asilimia ya vichujio vilivyokufa inayovumilika. Kwa mtu wa miaka 60 ni 20. Kwa binti wa miaka 28 ni 4, kwa hiyo asilimia 11 kwake si ya uzee.

Je, mishipa imetajwa? AI na CI hazihesabu mishipa kabisa, na hili ni pengo kubwa. Damu iliyoganda kwenye ateri ndogo na kapilari huharibu mwelekeo hata kama CI ni 2. Ikitajwa, pima kingamwili za fosfolipidi, zinazofanya damu igande. Ateri zilizokaza kuta kwa presha nazo ziandikwe. Alama ya Mayo ya mwaka 2017, inayotumika kwa magonjwa mengi, inaziba pengo hilo: vichujio vilivyokufa 0 hadi 3, nyuzi 0 hadi 3, mirija 0 hadi 3, na alama moja pale ukuta wa ndani wa ateri unapofikia au kuzidi unene wa msuli wake. Jumla ya 0 hadi 1 ni ndogo sana, 2 hadi 4 ndogo, 5 hadi 7 wastani, 8 hadi 10 kali.

Mfano: kreatinini moja, figo mbili

Chukua wanawake wawili wa kubuni, kila mmoja miaka 28, kreatinini 150, eGFR 42, protini gramu 2.8 kwa gramu, lupasi daraja IV, vichujio 18.

Wa kwanza: seli zimejazana kwenye vichujio 12 (alama 3), neutrofili kwenye 5 (2), nekrosisi kwenye 2 (1, mara mbili ni 2), vitanzi vya waya kwenye 6 (2), kresenti za seli kwenye 5 (2, mara mbili ni 4), uvimbe kwenye asilimia 15 ya koteksi (1). AI yake ni 14. Makovu: vichujio 2 (1), kresenti za nyuzi hakuna (0), mirija iliyonywea asilimia 10 (1), nyuzi asilimia 10 (1). CI ni 3.

Wa pili: seli zimejazana kwenye vichujio 2 (1) na uvimbe kwenye asilimia 10 ya koteksi (1). AI ni 2. Makovu: vichujio 8 vimekufa na 2 vina kovu la sehemu, yaani 10 kati ya 18 (3), kresenti za nyuzi kwenye 3 (1), mirija asilimia 40 (2), nyuzi asilimia 40 (2). CI ni 8.

Wa kwanza amepoteza uchujaji kwa sababu vichujio vyake vimeziba kwa seli. Zikiondoka, eGFR yake inaweza kupanda sana, na miaka kumi ijayo inategemea zaidi kama atapata dawa kamili na kuzimeza. Wa pili eGFR yake ya 42 ndiyo dari. Kumrundikia dawa kali za kushusha kinga hakutafufua vichujio vilivyokufa. Kutamwachia kifua kikuu, tutuko zosta (mkanda wa jeshi) na, kwa siklofosfamidi, hatari kwa mayai yake ya uzazi. Anahitaji presha iliyoshikwa, losatani au enalaprili (dawa za presha zinazopunguza protini ya mkojo) kwa dozi kamili, haidroksiklorokwini (dawa ya msingi ya lupasi) isiyozidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, na maandalizi ya dayalisisi au kupandikizwa figo. Tafiti za NIH za Marekani za miaka ya 1980 ndizo zilizoifanya CI ya 4 na kuendelea kuwa mstari wa hatari. Dawa zimebadilika tangu wakati huo na alama zimerekebishwa, lakini mwelekeo umebaki ule ule.

Hatua ya 6: Rudia utabiri miezi 3, 6 na 12

Utabiri wa siku ya biopsi ni rasimu. Mwitikio wa dawa ndio unaouandika upya. Shabaha za EULAR, muungano wa Ulaya wa vyama vya rumatolojia, ni hizi: protini ipungue kwa angalau asilimia 25 ifikapo mwezi wa 3, asilimia 50 mwezi wa 6, na ifike chini ya gramu 0.5 hadi 0.7 kwa siku mwezi wa 12. Aliyeanza na protini nyingi sana apewe miezi 6 hadi 12 zaidi kabla ya kuhesabiwa ameshindwa. Kati ya vipimo vyote vya mkojo na damu, protini ya mwezi wa 12 iliyo chini ya takribani gramu 0.7 au 0.8 ndiyo inayotabiri vizuri figo za miaka mingi mbele. Usidai damu ya mkojo nayo iishe yote. Kwa lupasi inaweza kubaki muda mrefu bila kumaanisha mabaya.

Baada ya mwaka, chora mstari wa eGFR. Chukua vipimo visivyopungua vitatu, ukiruka wiki za kwanza baada ya kuanza losatani au enalaprili, maana kreatinini kupanda hadi asilimia 30 hapo kunavumilika. Mtu mwenye 42 anayepoteza 2 kwa mwaka atafika 15 baada ya miaka 13 na nusu. Anayepoteza 5 kwa mwaka atafika baada ya miaka mitano na miezi michache, na kushuka kwa zaidi ya 5 kwa mwaka kunahesabiwa ni kwa kasi. Mstari huu unachukulia hakuna mlipuko mpya. Kila mlipuko unaondoa vichujio visivyorudi, hivyo ukitokea, anza mstari upya kutoka hapo.

Hatua ya 7: Biopsi ya pili

Mkojo unaweza kuwa safi huku nyama bado inawaka, na protini inaweza kubaki juu kwa sababu ya makovu tu wakati ugonjwa umelala. Namba za damu haziwezi kutenganisha hali hizi mbili. Biopsi ya kurudia inafaa pale protini inapogoma kushuka baada ya mwaka, kreatinini inapopanda bila sababu, au unapotaka kuacha dawa baada ya miaka mitatu au zaidi ya utulivu. AI ikizidi 2 kwenye biopsi hiyo, kuacha dawa ni kukaribisha mlipuko. CI ya biopsi ya pili inatabiri vizuri kuliko ya kwanza, kwa sababu imeshapita kwenye matibabu. Gharama na hatari ya kutokwa damu ni za kweli, kwa hiyo isifanywe kwa mazoea. Ifanywe pale ambapo jibu litabadilisha dawa.

Ugonjwa ukiwa mwingine

Kwa nefropathia ya IgA, tafuta herufi MEST-C za uainishaji wa Oxford. M ni seli za mesanjiamu kuongezeka kwenye zaidi ya nusu ya vichujio, E ni kujazana ndani ya kapilari, S ni kovu la sehemu, T ni mirija (T0 hadi asilimia 25, T1 ni 26 hadi 50, T2 zaidi ya 50), C ni kresenti (C1 chini ya asilimia 25, C2 kuanzia 25). T ndiyo nzito kuliko zote. Kikokotoo cha kimataifa cha mwaka 2019 kinachanganya M, E, S na T na umri, eGFR, presha, protini na dawa za siku ya biopsi, kisha kinatoa uwezekano wa kupoteza nusu ya eGFR au kufika kushindwa kwa figo. C haiingizwi. Mbari zilizomo ni za Wazungu, Wachina na Wajapani, kwa hiyo kwa mgonjwa wa Kiafrika tumia toleo lisilo na mbari. Usiweke namba za leo kwa biopsi ya miaka mitatu iliyopita. Kwa mwaka wa kwanza au wa pili baada ya biopsi kuna toleo lake. Na kikokotoo hakikwambii dawa gani itasaidia.

Kwa vaskulitisi ya ANCA, uvimbe wa mishipa midogo ya damu unaohusiana na kingamwili za ANCA, geuza macho: hesabu vichujio vizima. Nusu au zaidi vikiwa vizima, mwelekeo ni mzuri kuliko makundi mengine. Nusu au zaidi vikiwa vimekufa, ni mbaya kuliko yote. Kresenti za seli na mchanganyiko hukaa katikati. Kwa kisukari, daraja I hadi IV la RPS la mwaka 2010 lisomwe pamoja na alama ya IFTA. Kwa mwenye VVU, kichujio kilichoporomoka ni dharura: bila ARV figo hushindwa ndani ya miezi.

Cha kufanya na utabiri

Mwenye CI ya juu alindwe mishipa ya mkono asioutumia sana tangu siku ya majibu: damu isitolewe hapo, kanula isiwekwe hapo. Fistula, yaani mshipa wa mkono unaounganishwa kwa ajili ya dayalisisi, ipangwe eGFR ikikaribia 15 hadi 20 na ikiendelea kushuka, na ndugu wanaofikiria kutoa figo waanze kupimwa kabla ya hapo. Anayetaka mtoto asubiri angalau miezi sita ya utulivu. Maikofenoleti, dawa ya kushusha kinga, iachwe angalau wiki sita kabla ya kushika mimba na badala yake itumike azathioprini, na haidroksiklorokwini iendelee. Mwanamke wa kwanza kwenye mfano wetu anaweza kusubiri mwaka mmoja bila kupoteza kitu. Wa pili anapaswa kuambiwa wazi kwamba mimba kwenye eGFR ya 42 inaweza kuharakisha kushuka kwa figo, kisha aamue mwenyewe.

Kwenye faili, andika mstari mmoja atakaouelewa daktari wa zamu miaka mitano ijayo: "Lupasi daraja IV, vichujio 18, AI 14/24, CI 3/12, IFTA 10%, mishipa haina damu iliyoganda, siku ya biopsi eGFR 42, protini 2.8 g/g, presha 150/95." Ripoti isiyotoa AI na CI irudishwe kwa mwanapatholojia kwa ombi la maandishi, slaidi na vipande vya parafini hutunzwa maabara, na kuhesabu upya hakuhitaji kumchoma mgonjwa sindano nyingine.